Njia Nyepesi za Ununio

Banda la uani,
Mbezi Beach.
3 Juni 2024

Mkwe wangu Clara,

Pokea salamu za mtu anayeishi hatua ishirini na mbili kutoka jikoni kwako. Nimezihesabu. Leo ni siku ya tisa tangu nifike kwenu na bado hatujasalimiana, kwa hiyo naona una haki ya kuelezwa.

Siku ile pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, uliposhuka kwenye gari na chupa ya juisi mkononi ukaja mbio kunipokea, mimi nilikugeuzia mgongo nikaenda kusimama nyuma ya basi. Mumeo Lusungu alibaki katikati yetu anachekacheka kama mtu aliyefumaniwa. Najua uliumia. Nilisikia jinsi mlango wa gari ulivyofungwa.

Kwetu Tukuyu, kwa watu wa rika langu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Hawaongei, na wakikutana njiani mmoja huacha njia akaingia kwenye migomba hadi mwenzake apite. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na kwetu hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo. Marehemu mama yake Lusungu hakuwahi kumtazama baba yangu usoni hadi tunamzika, na siku hiyo alimlilia kuliko sisi watoto wa kuzaliwa. Siku ya harusi yenu, kama hukujua, mzee aliyekaa nyuma ya nguzo kanisani alikuwa mimi. Niliona shela tu.

Vijana wameacha, najua. Lusungu aliniambia, "Baba, Dar es Salaam hii mtapishania wapi?" Mimi nina miaka sabini na tatu, siwezi kubadilika kwa sababu nimepanda basi. Lakini Lusungu yuko kazini Dodoma Jumatatu hadi Ijumaa, na siwezi kungoja Jumamosi ndipo niseme chai ilikuwa nzuri. Barua haijakatazwa. Simu naiona ni kuonana kwa masikio, tena herufi zake ni za sisimizi. Basi andika, weka kwenye sinia la chai, nami nitajibu kwenye sinia hilohilo. Tumia kalamu nene tafadhali, taa ya huku ni hafifu.

Chai ilikuwa nzuri. Ila majani yake yamekaa dukani muda mrefu. Nimekuwa bwana shamba wa chai miaka thelathini na mmoja, usinifiche.

Daktari wa presha amesema nitembee kila siku. Kama una kazi yoyote ya miguu, nipe. Kukaa bure kunanizeesha.

Ni mimi mkweo,
Fredrick Mwambene


Nyumba kubwa,
5 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Nimeiandika kwenye karatasi, sijui kama inahesabika.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama jikoni nacheka huku nalia. Baba, mie nilijua hunitaki. Kwanza nilidhani ni kwa sababu mie ni Mchaga. Kisha nikadhani ni ile miaka mitatu bila mtoto. Nikampigia mama yangu Kibosho, nikamwambia mkwe wangu kanikimbia stendi mbele ya makondakta, akaniuliza nilivaa nini. Nilivaa suruali. Tangu siku hiyo navaa gauni hata nikienda kwenye matope, kumbe najitesa bure. Lusungu ana kesi ya kujibu Jumamosi, maana angeweza kunieleza kwa dakika moja.

Kazi ya miguu ipo, na sikupi kwa kukuhurumia. Mie nafanya kazi kwa Husseinali, yule mfanyabiashara aliyekodishiwa kisiwa kidogo kinachotazamana na ufukwe wa Ununio. Ni kisiwa chake peke yake, mtu haendi bila mwaliko. Wageni wanavushwa kwa boti, lakini boti haiwezi kusogea ufukweni hadi maji yajae, kwa hiyo wanakaa saa mbili wanachezea simu na kulalamika joto. Mkewe, Kubra, akasema tuwatengenezee njia za kutembea huku bara: tatu, fupi, nyepesi, zenye alama, na kipeperushi cha kuwaelekeza. Njia hizo zimeniangukia mie, na lazima ziwe tayari kabla ya Septemba.

Kipimo cha wepesi ni kimoja tu. Husseinali ana mama yake, Bi Shehnaz, wa miaka sabini na minane. Kaniambia, "Mama akimaliza njia bila kushikwa mkono, hiyo ni nyepesi. Akishindwa, ifute." Sasa Baba, siwezi kumpeleka bibi wa watu kwenye njia ambayo hakuna mtu mzima aliyeijaribu. Mie nina miaka thelathini na nne, kwangu kila njia ni nyepesi.

Nakuomba uwe wa kwanza. Salumu wa bajaji, jirani yetu, atakupeleka asubuhi na kukungoja. Mie nitakuwa nakwenda jioni tu, ili tusikutane. Anza na Njia ya Mivinje, inafuata ufukwe moja kwa moja. Niambie ukweli wote, na uniambie pia kisiwa kinaonekanaje kutoka pale mwisho.

Majani ya chai nimebadilisha.

Mkweo,
Clara


Banda la uani,
11 Juni 2024

Mkwe wangu,

Marahaba. Inahesabika.

Njia ya Mivinje nimeitembea siku tatu mfululizo. Ina hatua elfu moja mia mbili na arobaini kwenda. Mia mbili za mwanzo mchanga unazama, unachosha kifundo cha mguu. Wapitishe juu kidogo, penye majani makavu ya mivinje, pale mguu unatua vizuri. Hatua ya mia tatu na kumi kuna mzizi uliolala njiani, ukatwe. Baada ya mia sita upepo unageuka na kuwa wa baridi, na mivinje inavuma hadi mtu anasahau alichokuwa anafikiria. Hapo weka benchi. Mtu wa umri wetu hataki kukaa pale alipochoka tu, anataka kukaa pale panapompa sababu ya kukaa.

Mwisho wa njia kuna mahali wanakaanga samaki. Harufu yake inamvuta mtu hatua mia moja za mwisho bila kujijua, kwa hiyo andika kwenye kipeperushi kwamba wageni waje na njaa.

Kisiwa uliuliza kinaonekanaje. Kinaonekana kama visiwa vinavyoonekana.

Chai sasa ni chai.

Fredrick Mwambene


Nyumba kubwa,
25 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Njia tumeisogeza juu, mzizi umekatwa, benchi limeagizwa. Kubra amesoma ripoti yako akauliza, "Huyu mshauri wako anachaji kiasi gani?" Nikamwambia chai. Lile neno lako la mahali panapompa mtu sababu ya kukaa ameliweka kwenye kipeperushi kama lilivyo.

Kuhusu kisiwa umenivunja mbavu. Nimemsomea Lusungu kwenye simu, akasema hivyo ndivyo ulivyo tangu zamani, ukiulizwa jambo usilotaka kulijibu.

Sasa njia ya pili, Njia ya Mikoko. Hii ina mbao, tumezipanga juu ya matope hadi mahali ambapo kisiwa kiko karibu kabisa, mtu anaona hadi viti vilivyopangwa kule. Katikati pana kona, njia inakata kulia. Ukienda mbele unaingia kwenye matope, na maji yakianza kujaa yanakuja haraka. Kwa hiyo Ijumaa nitapaka mishale myeupe kumi na miwili kwenye mbao na kwenye miti. Jumamosi asubuhi nenda, maji yakiwa yametoka, uniambie kama mishale inaonekana kwa mbali. Hilo ndilo jambo kubwa. Bi Shehnaz atakwenda kwa neno lako.

Mkweo,
Clara


Banda la uani,
30 Juni 2024

Mkwe wangu,

Nimekwenda jana kama ulivyosema. Mishale yote kumi na miwili nimeiona. Weupe wake unasomeka vizuri, hasa ule wa pale kwenye kona. Usibadilishe rangi.

Mbao ni imara. Nilisikia ndege wengi.

Fredrick Mwambene


Nyumba kubwa,
2 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Sijapaka mshale hata mmoja.

Ijumaa Kubra alinichukua tukaenda Segerea kwa fundi wa mabenchi, tukarudi jua limezama. Ndoo ya rangi iko hapa chini ya sinki, haijafunguliwa.

Nimemwuliza Salumu kama kweli ulishuka kwenye bajaji. Karibu anikasirikie mie. Anasema ulikwenda, ulikaa saa nzima na nusu, ukarudi na matope hadi magotini. Basi ulitembea. Sasa kwa nini uniambie umeona kitu ambacho hakipo? Kama ni kunifurahisha, Baba, imeniuma. Ningeichukua barua yako, nikaenda kwa Husseinali nikasema njia iko tayari, na yule bibi angekwenda pale kwenye kona akitafuta mshale wa maneno.

Samahani kama nimevuka mpaka. Ungekuwa baba yangu wa kunizaa ningekwambia hivihivi.

Clara


Banda la uani,
4 Julai 2024

Mkwe wangu,

Hukuvuka mpaka. Nimekosa, na nakuomba radhi.

Nilitembea, lakini sikutazama juu. Mtu wa shamba anatazama ardhi. Ulisema utapaka, nikaamini umepaka. Nipe Jumamosi hii nikairudie njia hiyo vizuri, na safari hii sitaandika ila nililolishika.

Fredrick Mwambene


Banda la uani,
7 Julai 2024

Mkwe wangu,

Jana nimeirudia Njia ya Mikoko. Ubao wa tisa na wa ishirini na sita unacheza. Kati ya wa arobaini na wa arobaini na moja kuna pengo la kuingia kiatu kizima. Pale kwenye kona funga kamba ya kushika, kuanzia hatua kumi kabla. Mishale peke yake haitoshi. Nakwambia kamba.

Kona hiyo naijua sasa kwa sababu ilinipoteza. Niliendelea mbele badala ya kukata kulia, na maji yalikuwa yameanza kuingia. Mama mmoja akanishika mkono. Nadhani ni wale wanaotafuta kaa, au ni mfanyakazi wa kina Husseinali. Mkono wake ulikuwa mgumu wa kazi. Hakusema neno, nami nikadhani labda hasemi. Akanirudisha kwenye ubao, akanitembeza hadi kwenye bajaji, hatua mia nne na kumi, na mkono hakuuachia hata mara moja.

Njia nzima nilikuwa naongea mimi. Sijui nini kilinipata. Ukikutana na mtu asiyekujua, usiyetarajia kumwona tena, unajikuta umemmwagia mambo uliyoyafungia mwaka mzima. Nilipofika kwenye bajaji nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Ukimfahamu, mpe shukrani zangu. Jina sikumwuliza.

Fredrick Mwambene


Nyumba kubwa,
9 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu. Nimetumia kalamu nene kuliko zote nilizopata dukani.

Yule mama ni mie.

Tulikubaliana asubuhi ni yako, jioni ni yangu, na mie nilivunja makubaliano. Mambo ya mishale yalinikosesha usingizi, nikaenda kuona kwa macho yangu. Ulipokuja nilijificha nyuma ya mkoko, kwa heshima, kama ulivyonifundisha. Nilikuona unapapasa kila ubao kwa fimbo. Ulifika kwenye kona, na mshale nilikuwa nimeshaupaka siku iliyopita, mkubwa kama mlango, ukaupita. Nikajiambia atageuka. Ukaingia kwenye matope. Nikajiambia atageuka sasa. Maji yalipofika kwenye goti lako sikuweza tena kuwa na heshima.

Nilinyamaza kwa sababu sauti yangu unaijua, kila asubuhi unanisikia nikiimba jikoni. Na mkono wangu si mgumu, Baba. Ilikuwa rangi ya mafuta imekauka.

Kwa hiyo yote uliyomwambia yule mama niliyasikia. Jicho la kulia lilizima tangu Pasaka. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Ulisema hutaki mkwe wako ajue, maana akijua itabidi akushike mkono kukupeleka chooni na kukurudisha, na jambo hilo kwenu haliwezekani, kwa hiyo likizima na hili utarudi Tukuyu ukakae gizani kwako. Uliyasema hayo kwa utulivu, kama mtu anayepanga shamba. Mie nilikuwa nakutazamia mbao huku naomba Mungu pua yangu isivute kamasi ukanisikia.

Ndipo nikaelewa kwa nini kalamu nene, kwa nini mistari yako inapanda juu ya mingine, na kwa nini kisiwa kinaonekana kama visiwa vinavyoonekana.

Jana nimekwenda kuuliza kwenye kliniki ya macho. Wanasema dalili hizo ni za presha ya macho. Lililokufa halifufuki. Lililobaki linaweza kuokolewa kwa upasuaji mdogo, lakini si la kungoja, kila wiki inapunguza. Nimechukua nafasi Ijumaa hii, tarehe kumi na mbili. Kadi yako ya bima ipo kwa Lusungu na nambari ninayo. Lusungu sijamwambia. Nimekuachia wewe umwambie.

Najua nimekushika mkono na nimesikia siri yako, makosa mawili kwa siku moja. Yote nayakubali. Ila Ijumaa twende.

Clara


Banda la uani,
10 Julai 2024

Clara,

Nimesoma. Imenichukua asubuhi nzima.

Mimi sina ugomvi na wewe. Aibu hii ni yangu. Nilikaa karibu na nyumba ya mwanangu nikijua kwamba jambo moja nimeliweza, kukuheshimu. Sasa hata hilo sina.

Kesho narudi Tukuyu. Salumu atanipeleka Mbezi Luis kuwahi basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mwambie Lusungu nilikumbuka nyumbani. Njia ya tatu mpe mtu mwingine.

F. Mwambene


Nyumba kubwa,
10 Julai 2024, jioni

Baba,

Sikuzuii. Mlango wa geti nitauacha bila kufuli.

Kwenye sinia kuna mayai manne ya kuchemsha, chapati, na chupa ya chai. Lusungu nitamwambia ukweli, siwezi kumwambia ulikumbuka nyumbani. Nafasi ya kliniki sijaifuta na sitaifuta hadi Ijumaa saa tatu ipite.

Kuna jambo moja sielewi, nisaidie kabla hujaondoka au unijibu kutoka huko. Ulinigeuzia mgongo kwa heshima, nimekubali, na sasa naona ni jambo zuri. Lakini mie nikikuona unaingia kwenye maji, heshima yangu kwako ni ipi? Nikugeuzie mgongo na mie?

Safari njema.
Clara


Banda la uani,
11 Julai 2024

Mkwe wangu,

Utakuwa umeshaona taa ya banda inawaka. Nimerudi tangu saa nne asubuhi. Salumu alikuwa hajaondoka stendi, alisema alijua nitarudi.

Nikueleze ilivyokuwa. Pale stendi watu ni wengi na mabasi yote kwangu yana rangi moja. Kijana wa mizigo akanishika mkono hadi dirisha la tiketi. Askari akanishika mkono kunivusha. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanishika mkono hadi kwenye basi, nikapanda, nikakaa, nikafungua chai yako. Konda akapita akaniuliza nashuka Korogwe au Tanga mjini. Kumbe basi si la Tukuyu. Akanishusha, kwa mkono. Pamoja na wengine watatu walionifikisha kwenye benchi, kwa hesabu yangu ni watu saba, wote siwajui, na kila mmoja nilimwambia ahsante na Mungu akubariki. Hata mmoja sikumgeuzia mgongo.

Nikakaa pale na mayai yako mapajani. Nikajiuliza, Fredrick, umewapa mkono watu saba ambao hawajui hata jina lako. Aliyekupikia mayai haya umemwachia karatasi kwenye sinia. Swali lako nililisoma hapohapo kwa kuisogeza barua hadi puani. Nilijaribu kumfikiria baba yangu angejibuje. Nadhani naye angekula yai kwanza.

Kesho nitakwenda. Lakini nisikilize, mimi ni mzee, usinivunje mara moja. Utatembea upande wangu wa kulia, upande wa jicho lililozima. Mkono nitakupa. Jicho lile halioni kitu, kwa hiyo hatutakuwa tumeonana, na ukoo wangu hautakuwa na la kusema. Kuongea, utaongea na daktari. Mimi nitakuwa nasikia tu.

Lusungu nimempigia kwa simu ya Salumu. Alilia. Sijamzoea hivyo.

Mayai yalikuwa yameiva sawasawa.

Fredrick Mwambene


Wodi ya macho, kitanda cha nne,
23 Julai 2024

Mkwe wangu Clara,

Barua hii naisema mimi na unaiandika wewe, kwa sababu hapa wodini hakuna mwingine mwenye nafasi, na kwa sababu jicho la kushoto limefunikwa kwa pamba tangu saa tano asubuhi, na la kulia unalijua. Leo sioni chochote kabisa. Andika kila neno kama ninavyolitamka, hata yale yanayokusifu. Usipunguze. Nitakuomba unisomee mwisho.

Hatujawahi kuongea, kwa hiyo hapa hatuongei. Hapa ni barua.

Kwanza, daktari amesema upasuaji umekwenda vizuri, na kwamba tungechelewa mwezi mmoja angekuwa hana la kufanya. Andika kwamba nilitaka kuchelewa. Andika kwamba wewe hukutaka.

Pili, mambo ya kazi. Kamba ya Njia ya Mikoko iwe ya katani, si ya plastiki. Plastiki inachoma kiganja jua likiwa kali. Umeniambia, namaanisha ulimwambia muuguzi nami nikasikia, kwamba Bi Shehnaz ameimaliza Njia ya Mivinje na kwenye benchi alikaa nusu saa. Nimefurahi. Lakini kile kipimo cha mwajiri wako kina kasoro, mfikishie salamu. Anasema njia nyepesi ni ile ambayo mtu anaimaliza bila kushikwa mkono. Mimi nimezitembea zote mbili peke yangu, na hakuna hatua hata moja iliyokuwa nyepesi. Nyepesi zilikuwa zile mia nne na kumi.

Tatu, leo asubuhi muuguzi alikuwa anajaza fomu. Akakuuliza, mgonjwa huyu ni nani wako. Nadhani ulinitazama kwanza, ukasema ni mkwe. Hukukosea. Lakini akipita tena mwambie afute, aandike baba.

Nne na mwisho. Kesho saa tatu wanafungua pamba. Daktari anasema nitaanza kuona ukungu, kisha mwanga, kisha kitu kilicho mbele yangu. Lusungu alitaka kuja kutoka Dodoma awepo, nimemwambia aje Jumamosi, asikimbie. Wewe umekuwa ukikaa upande wa kulia wa kitanda siku zote hizi, na nakushukuru kwa hilo, ulinilinda nilipohitaji kulindwa. Kesho usikae huko. Vuta kiti ukae mbele yangu, karibu. Vaa suruali kama unapenda. Nimekaa miaka mitatu bila kujua mwanangu alioa mtu wa namna gani, na jicho hili limebaki dogo, sitaki lianze na ukuta.

Kalamu imesimama. Futa uso kwanza. Sina haraka, nitangoja.

Baba yako,
Fredrick Mwambene